Kiyoyozi Kimegoma na Joto ni Kali: Mwongozo Kamili Tangu Dakika ya Kwanza Hadi Fundi Anapofunga Mkoba

Kiyoyozi mara nyingi hugoma siku ile unayokihitaji kuliko siku zote, na wala si nuksi. Joto la nje likipanda, kompresa, yaani pampu iliyo ndani ya mashine ya nje, hulazimika kusukuma gesi kwa nguvu kubwa zaidi ili joto la chumbani lipate pa kutokea. Saa hizohizo mtaa mzima umewasha viyoyozi, umeme umepungua nguvu, na kompresa inayopata umeme hafifu huvuta mkondo mkubwa zaidi na kuchemka. Ugonjwa mdogo uliokuwepo tangu miezi iliyopita, iwe filta chafu, kapasita (kifaa cha kuanzishia mota) iliyochoka au tundu dogo linalovuja gesi, hujitokeza siku hiyo.

Nimeshughulika na mashine hizi kwa miaka, na makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza, kila mtu anakimbilia mashine na hakuna anayemtazama bibi aliyelala chumba cha pili. La pili, fundi anajaza gesi na hakuna anayeuliza gesi ya kwanza ilikwenda wapi. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata hayo mawili.

Dakika tano za kwanza

Zima kwa rimoti. Kisha nusa na usikilize. Ukisikia harufu ya plastiki au waya unaoungua, ukiona moshi, ukisikia cheche zinalia, au maji yakidondoka karibu na soketi, usiguse mashine wala plagi. Nenda kwenye ubao wa umeme uikate breka ya kiyoyozi, na usiirudishe mpaka fundi afike. Katika hali hiyo ukaguzi wako umeishia hapo, ruka mpaka sehemu ya kumwita fundi.

Kama hakuna dalili ya hatari, tazama taa ndogo za mashine ya ndani kabla hujakata umeme. Mashine nyingi za sasa zikipata hitilafu huonyesha herufi na namba, au huwaka na kuzima kwa idadi fulani. Irekodi video kwa simu. Ukikata umeme alama hiyo inaweza kupotea, na fundi aliyeiona hupunguza kazi ya kubahatisha.

Watu kabla ya mashine

Mwezi Julai 1995 jiji la Chicago lilipigwa na wimbi la joto lililoongeza vifo vipatavyo 739 juu ya vile vya kawaida. Wengi walikuwa wazee, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni walioishi peke yao, wasiotembelewa na mtu, wasio na kiyoyozi kinachofanya kazi. Kila ninapoambiwa kiyoyozi cha nyumba fulani kimekufa, swali langu la kwanza ni nani anaishi humo.

Walio hatarini ni watoto wachanga, wazee, wajawazito, wagonjwa wa moyo, figo na kisukari, na wanaotumia dawa zinazopunguza maji mwilini au kuzuia jasho. Zimo dawa za presha zinazomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, baadhi ya dawa za mzio na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usimwachishe mtu dawa kwa uamuzi wako. Mpigie daktari wake, mweleze kwamba nyumba haina ubaridi, umwulize la kufanya.

Chagua chumba kimoja kilicho chini zaidi na mbali na jua la mchana, kisha wahamishie humo wale dhaifu. Funga mapazia na madirisha ya upande unaopigwa na jua. Madirisha yafungwe maadamu nje kuna joto kuliko ndani, na jioni nje kukipoa yafunguliwe yote, hasa yanayotazamana, ili upepo upite moja kwa moja. Watu wengi hufanya kinyume: mchana wanafungua wakitafuta hewa na kuingiza joto, usiku wanafunga na kulifungia humohumo.

Punguza vinavyotoa joto ndani. Jiko, oveni, pasi na balbu za zamani zinazochemka vyote vingoje. Hata watu wenyewe ni majiko madogo, kwani mtu mmoja aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Watano waliobanana chumba kimoja ni kama hita ndogo, kwa hiyo wenye afya wakae kwingine. Na mtu asifungue mlango wa friji ili ipoze chumba. Friji hulitoa joto lake kwa nyuma, humohumo chumbani, na jumla yake ni joto zaidi.

Feni husaidia kwa kukausha jasho, haipoozi hewa. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike pale joto la chumba likiwa chini ya nyuzi 40. Likizidi hapo feni inakupulizia hewa yenye joto kuliko mwili wako na kukuongezea mzigo. Wazee hutokwa na jasho kidogo, hivyo feni peke yake huwafaa kidogo hata kabla ya kiwango hicho. Walowanishe mikono, shingo na miguu kwa kitambaa chenye maji, au wavalishe nguo nyepesi iliyoloweshwa, ndipo feni ipate cha kukausha. Kutundika shuka mbichi dirishani hufaa penye hewa kavu. Penye unyevunyevu mwingi shuka hiyo huongeza unyevu na kufanya jasho ligome kukauka.

Maji yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji. Usifunike kigari wala kitanda cha mtoto kwa kanga au blanketi ili kumkinga na jua, kwa maana hewa chini ya kitambaa huchemka upesi kuliko unavyodhani.

Sasa dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa na jasho jingi maana yake mwili umeanza kuzidiwa: mlaze mahali penye ubaridi, mlegezee nguo, mpe maji au maji ya chumvichumvi na sukari yanayouzwa kwenye duka la dawa kwa ajili ya kuharisha, mlowanishe. Asipopata nafuu kwa muda mfupi, apelekwe hospitali. Lakini mtu akianza kusema yasiyoeleweka, akiyumba kama mlevi, akapata degedege au kuzimia, na mwili unawaka, hiyo ni dharura ya roho. Joto la mwili limevuka nyuzi 40. Piga simu ya dharura, na papo hapo mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee barafu iliyofungwa kitambaani shingoni, makwapani na kwenye kinena. Usisubiri gari ndipo uanze kumpoza. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni.

Chumba kikikataa kupoa kabisa na una mtu dhaifu, mhamishe. Saa chache kwa jirani au ndugu mwenye ubaridi, au katika jengo lolote la umma lenye kiyoyozi, zinaupa mwili nafasi ya kupumzika. Hakuna aibu katika kuomba hifadhi dhidi ya joto.

Ukaguzi usiohitaji bisibisi

Watu wakiwa salama, rudi kwenye mashine. Anza na mambo yanayoonekana ya kitoto, kwa sababu ndiyo yanayowaita mafundi bure.

Badilisha betri za rimoti. Hakikisha alama iliyo kwenye kioo chake ni ya kupoza, ile yenye umbo la theluji. Kidole cha mtoto kikibonyeza kitufe mara moja, mashine huhamia kwenye feni tupu au kukausha hewa, na hapo itapuliza siku nzima bila ubaridi. Weka kiwango chini ya joto la chumba lilivyo sasa, tuseme 24. Angalia pia kama saa ya kujizima imewekwa.

Mashine isipowaka kabisa, nenda kwenye ubao wa umeme. Breka iliyojikata mara nyingine husimama katikati, haiko juu wala chini, na jicho hulipita. Ishushe mpaka chini kwanza, kisha ipandishe. Fanya hivyo mara moja tu. Ikijikata tena, kuna shoti au kompresa imekwama, na kila unapoilazimisha unaipa cheche nafasi ya kuanzisha moto.

Kama umeme wa nyumba una kilinda volteji, kile kiboksi kinachochelewesha umeme ukirudi, tazama taa yake. Huenda kinakataa kwa sababu umeme uko chini au juu mno, na hapo kinafanya kazi yake. Usikiruke kwa kuunganisha kiyoyozi moja kwa moja. Wala usitumie waya wa kuongezea, kwani nyaya nyingi za aina hiyo ni nyembamba kwa mkondo wa kiyoyozi, nazo huyeyuka.

Ukishawasha, subiri. Kompresa nyingi zimewekewa ucheleweshaji wa dakika 3 hivi, ili presha ya gesi isawazike kabla hazijaanza tena. Anayewasha na kuzima kila baada ya nusu dakika hujidanganya kwamba mashine imekufa, na katika mashine za zamani zisizo na kinga hiyo huiua kweli.

Filta, mshukiwa namba moja

Inua kifuniko cha mbele cha mashine ya ndani. Utaona wavu mmoja au miwili ya plastiki. Ichomoe uiinue kwenye mwanga: usipoona upande wa pili, umepata angalau sehemu ya tatizo.

Osha kwa maji ya kawaida, ukipitisha maji kutoka upande wa nyuma ili vumbi lisukumwe lilikotoka. Sabuni laini inatosha. Maji ya moto huukunja wavu. Ukaushe kivulini mpaka ukauke kabisa, kisha urudishe. Vumbi likiwa jingi fanya hivi kila wiki mbili. Penye hewa safi, mara moja kwa mwezi.

Sababu ya kusisitiza jambo dogo hivi ni kwamba kiyoyozi hakitengenezi ubaridi. Kinachukua joto la hewa ya chumbani kupitia koili ya ndani, yaani mabomba ya gesi yaliyovikwa vibati vya alumini, na kulipeleka nje. Hewa isipopita, koili hupoa kupita kiasi, unyevu ulioishikilia huganda, barafu huziba kile kidogo kilichobaki wazi, na chumba kinapata joto huku mashine imejaa barafu. Watu huiona barafu hiyo wakadhani mashine ina nguvu sana.

Ukiikuta barafu, usiikwangue kwa kisu wala kijiti. Vibati vya alumini vya koili ni vyembamba kama karatasi, na mabomba yaliyo nyuma yake yakitoboka umeingia gharama kubwa. Zima upozaji, weka feni tupu, tandika taulo chini, uache iyeyuke yenyewe. Huchukua saa kadhaa, mara nyingine usiku kucha. Ikishayeyuka na filta ikiwa safi, washa tena. Barafu ikirudi, shida si filta peke yake: ama koili yenyewe imejaa uchafu usioonekana kwa mbele, ama feni ya ndani inazunguka polepole, ama gesi imepungua.

Mashine ya nje

Kata umeme kwenye breka kabla hujaikaribia. Mashine iliyo ukutani juu, paani au kwenye ukingo wa ghorofa, iache. Joto kali, ngazi na haraka havipatani.

Iliyo chini mahali pa kufikika, iondolee kila kitu kilichoisogelea: majani, nguo zilizoanikwa, maboksi, mimea inayotambaa. Itazame koili yake. Ikiwa imevikwa vumbi kama blanketi, imwagie maji ya mpira kwa presha ndogo, taratibu, kwa mkondo ulionyooka usiokunja vibati, ukiepuka upande wenye kifuniko cha nyaya. Mashine ya kuoshea magari usiitumie kabisa. Iache ikauke kabla ya kurudisha umeme.

Kuijengea kivuli kunafaa iwapo hewa inapita. Nimeona mashine zilizofungiwa ndani ya kabati la chuma lenye matundu machache, kwa kuogopa wezi. Zinavuta hewa ya moto zilizoitoa zenyewe, halafu zinajizima kila alasiri.

Kusoma dalili

Hapa ndipo mwenye nyumba anaweza kumsaidia fundi zaidi, hata bila kugusa kitu. Washa, subiri dakika kumi, halafu uende usikilize ndani na nje.

Ndani inapuliza, nje kimya kabisa. Mashine ya nje haipati umeme au haipati amri ya kuwaka. Inaweza kuwa breka yake ya pembeni, sensa ya joto, kadi ya umeme, au ile swichi ya sumaku iitwayo kontakta. Hii ya mwisho ina adui asiyetarajiwa: sisimizi na mijusi. Huingia kutafuta mahali pa joto, wakanaswa kati ya vidole vya swichi, na umeme haupiti.

Nje inanguruma lakini feni haizunguki, au inajaribu kuanza kisha inatoa mlio wa “tak” na kunyamaza. Mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanzia. Joto huizeesha upesi, na ikifa huvimba kichwa. Ni kifaa cha bei nafuu na kubadilisha kwake ni kazi ya dakika chache, lakini nakuomba usikifanye mwenyewe. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya breka kukatwa, na umeme huo unaweza kukurusha. Wapo wanaosukuma feni kwa kijiti ili ianze. Feni ikishika kasi kijiti kinageuka risasi. Zima, usiiache ikinguruma, kwa maana mota iliyokwama huungua.

Vyote vinafanya kazi, hewa ni vuguvugu, na bomba nyembamba la shaba karibu na mashine ya nje limeota barafu. Gesi imepungua. Madoa ya mafuta kwenye maungio ya mabomba huonyesha inapotokea, kwa sababu gesi husafiri pamoja na mafuta ya kompresa.

Maji yanadondoka ndani. Mara nyingi mpira wa kutolea maji umezibwa na utelezi wa ukungu, vumbi au mdudu aliyejenga ndani. Tafuta mwisho wake nje. Ukiwa na mashine ya kufyonza inayokubali maji, ivute hapo kwa dakika moja au mbili. Mara nyingi uchafu hutoka kama ute na maji yakafuata kwa kishindo. Usipulize kwa mdomo, utalisukuma donge ndani na kumwagia ukuta.

Inapoza nusu saa, inakata, inarudi baada ya muda. Kompresa inajilinda na joto. Rudi kwenye uchafu wa koili ya nje, feni yake na nguvu ya umeme.

Huenda haijaharibika, imezidiwa

Nguvu iliyoandikwa kwenye kibati cha kiyoyozi kwa kawaida hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35 na ndani 27. Nje kukifika 42, mashine ileile inatoa ubaridi pungufu kwa umeme mwingi zaidi. Haina kosa.

Kuna kipimo rahisi kabla ya kuhukumu. Shika kipimajoto juu ya mashine ya ndani inapovutia hewa, usome. Kisha kiweke kwenye mdomo unaopuliza, usubiri kitulie. Mashine nzima iliyofanya kazi robo saa huwa na tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 hivi. Tofauti ikiwa nzuri na chumba bado kina joto, tatizo liko kwenye chumba: milango inayofunguliwa ovyo, dirisha la jua la alasiri, dari isiyo na kizuizi cha joto, au mashine ya ukubwa wa chumba cha kulala iliyowekwa sebuleni. Tofauti ikiwa nyuzi 3 au 4, mwite fundi kwa moyo mweupe.

Kushusha rimoti mpaka 16 hakuharakishi. Mashine isiyo ya inveta, yaani ile ambayo kompresa yake haibadilishi kasi, hupoza kwa kasi ileile ukiweka 16 au 24. Namba hiyo inaiambia tu isimame wapi, na siku kama hii haitafika huko, itazunguka bila kupumzika. Weka 25 au 26, washa na feni ya kawaida isambaze ubaridi. Mwili utahisi nafuu na kompresa itapumua.

Kumwita fundi

Siku za joto mafundi wanazidiwa na simu, na anayejieleza vizuri huhudumiwa vizuri. Mpe aina na modeli iliyo kwenye kibati cha mashine ya nje, aina ya gesi iliyoandikwa hapohapo, umri wa mashine, alama ya hitilafu uliyorekodi, ulichokagua na ulichoona. Mtaje mgonjwa au mtoto mchanga kama yumo nyumbani. Fundi mwenye utu atakupangia mapema. “Haipoi, njoo haraka” humfanya aje bila kifaa kinachohitajika, arudi kesho. Mashine ikiwa bado kwenye dhamana, anza na aliyekuuzia, kwa sababu mkono wa fundi mwingine unaweza kuivunja dhamana hiyo.

Kubalianeni kabla ya kazi gharama ya ukaguzi ni ipi na kama itakatwa kwenye matengenezo. Kila kipuri kinachotolewa ukione, na cha zamani kibaki kwako mpaka mashine imejaribiwa.

Suala la gesi

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu watu wanatozwa kila mwaka kwa kitu ambacho hakiishi. Gesi ya kiyoyozi si mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, miaka kumi na zaidi bila kupungua. Ikipungua, pana tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia msimu mmoja.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi.

“Mama, gesi imeisha, nijaze?”

“Naomba tuone kwanza inapovujia, fundi. Tukishaziba ndipo ujaze.”

Fundi anayejua kazi atafurahi kusikia hivyo. Atapaka povu la sabuni kwenye maungio au atatumia kifaa cha kunusa gesi, na tundu lisipoonekana atajaza nitrojeni kwa presha aone kama inashuka. Akishaziba, ataunganisha pampu ya vakyumu na kuyanyonya mabomba mpaka hewa na unyevu vitoke. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Unyevu ukibaki huchanganyika na mafuta na gesi ukatengeneza asidi inayoila kompresa kimyakimya, kisha miezi baadaye unaambiwa ni bahati mbaya.

Mwisho atajaza kwa mizani, kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibati. R410A, mojawapo ya gesi za viyoyozi, ni mchanganyiko wa gesi mbili, hivyo huingizwa ikiwa katika hali ya kimiminika ili mchanganyiko usiharibike. R32, gesi nyingine ya viyoyozi, inaweza kushika moto, ingawa si kwa wepesi. Milango ifunguliwe na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Asichanganye gesi za aina mbili katika mashine moja, hata akiapa kwamba zinafanana. Presha ya R410A ni kubwa kuliko ya R22, gesi ya mashine za zamani, kwa zaidi ya mara moja na nusu, na mashine ya R22 haikujengwa kuibeba. Wala gesi ya zamani asiiachie hewani. Ina mashine ya kuikusanya, na kilo moja ya R410A hewani hupasha dunia joto kama kilo zaidi ya 2,000 za kaboni dayoksaidi.

Usiku wa kusubiri

Kipuri kikichelewa, lala chini, kwenye godoro jembamba, katika chumba kile cha chini. Oga kabla ya kulala kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu. Shuka ya pamba, dirisha wazi kama pana usalama, maji kando ya kitanda. Nyumba ya zege huachia usiku joto ililokunywa mchana, kwa hiyo saa mbili za usiku ndani kunaweza kuwa na joto kuliko nje. Keti nje au barazani mpaka ndani kupoe.

Mtu dhaifu atazamwe usiku, aamshwe akajibu swali rahisi. Anayeishi peke yake apigiwe simu asubuhi na jioni. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa ina kikomo chake kilichoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Chumba kikivuka kikomo hicho, irudishe kwenye friji mbali na sehemu ya kugandisha. Na kama umeme wenyewe umekatika na mnatumia jenereta, iwe nje, mbali na madirisha yote. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na usiku kama huu ambapo madirisha yako wazi huingia bila kugonga hodi.

Kutengeneza au kununua

Kapasita, kontakta, mota ya feni, mpira wa maji, tundu kwenye maungio: tengeneza. Kompresa iliyoungua kwenye mashine iliyovuka miaka kumi, au koili inayovuja sehemu nyingi: fikiria mpya. Mashine ya R22 ina hesabu yake ya ziada. Gesi hiyo inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inadhuru tabaka la ozoni. Nchi tajiri zilifika kikomo 2020, na nchi zinazoendelea kikomo chao ni 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kuweka kompresa mpya kwenye mashine hiyo leo ni kujenga juu ya mchanga.

Usinunue ukiwa umelowa jasho. Joto humfanya mtu achukue kilichopo dukani. Pima chumba kwanza, upana kwa urefu, utazame jua linaingilia wapi.

Kabla fundi hajafunga mkoba

Mashine ifanye kazi nusu saa mbele yenu nyote wawili, madirisha yamefungwa. Pima tena tofauti ya joto. Nenda nje usikilize kama kuna mtetemo mpya. Mimina glasi ya maji kwenye beseni la kupokelea maji lililo katika mashine ya ndani, uone kama yanatoka kwenye mpira wa nje. Hakikisha vifuniko vya nyaya vimefungwa na skrubu zote, maana mijusi haihitaji mwanya mkubwa.

Kisha chukua kalamu isiyofutika. Kwenye karatasi ya kunata uandike tarehe, kipuri kilichobadilishwa, tundu lilikuwa wapi, gesi ya aina gani na gramu ngapi zimeingia. Ibandike ndani ya kifuniko cha mashine ya ndani, pale filta zinapochomokea, na chini yake uandike siku ya kuziosha tena.